Kimo cha Bintu

Ukitaka kumjua Bibiane wa Nyalukemba, usikae sebuleni kwake. Nenda chumba cha nyuma, kule kunakonuka alkoli na rangi. Ndiko anakochapa, kwa mashine inayogandisha rezini, plastiki ya majimaji, tabaka kwa tabaka, vyombo vya wanasesere: mbabula ya makaa ndogo kuliko ukucha, viti, masufuria, beseni la samaki. Kila sambaza, dagaa wa ziwani, humpaka rangi ya fedha mgongoni kwa brashi nyembamba kama kope, na ukimwambia huo ni mchezo wa watoto, atakununia wiki nzima.

Bintu, mtoto wake wa pekee, alikuwa na mwanasesere aliyechapwa kwa mfano wake mwenyewe. Kila mwaka masomo yalipokaribia kuanza, mama alimsimamisha mlangoni, akampima, akaingiza kimo kile kwenye kompyuta, kisha akachapa mwanasesere mpya na vitu vyake vyote: viatu, mkoba wa shule, dawati. Bintu alikuwa hana simile. Kiatu kikimpwaya yeye, sharti kimpwaye na mwanasesere.

Kisha ikaja siku ile vita vilipoingia mjini na watu wakakimbilia Kamanyola. Barabara ikafurika, na mkono wa mtoto ukachomoka katika mkono wa mama. Walimtafuta kambini, parokiani, redioni, hata ng'ambo ya mpaka, wasimpate. Asitokee mtu wa kumlaumu Bibiane. Amejilaumu vya kutosha.

Masomo yalipokaribia tena, alikaa mbele ya kompyuta kama kawaida. Mumewe, Modeste, alimfuata.

“Bibiane, acha tu uyu mwaka. Mutoto haiko. Utamupima namna gani?”

“Anakomea kule iko, Papa Bintu, anakuwa murefu. Nimuachie viatu vya zamani? Vitamubana.”

Modeste akageuka, akatoka uani. Yeye alikwisha kukata tamaa zamani, ila hakuwa na ujasiri wa kulisema.

Hapo ndipo Bibiane alipopata wazo ambalo, laiti ningalikuwa karibu, ningalimshika mkono. Alimwita Aimée, binti wa jirani, aliyezaliwa mwezi mmoja na Bintu na kuketi naye dawati moja. Siku zote wale wawili walilingana bega kwa bega. Akampima kimo, akampima na mguu, bila kumweleza sababu.

Akachapa, akaosha, akapiga msasa. Akapaka sketi ya buluu, shati jeupe, viatu vyeusi. Uso ndio uliomshinda. Alijaribu kumwazia Bintu akiwa mrefu hivyo, akashindwa. Kila alipofumba macho alimwona mtoto mfupi wa siku ile barabarani. Mwishowe alipaka kwa kubahatisha, machozi yakimtoka, akajipa moyo kwamba angalau viatu vimekaa sawa.

Alasiri Aimée alikuja kuazima chungio. Akamwona mwanasesere mezani, mkoba mgongoni, akapiga makofi.

“Maman Bibiane! Ile ni mimi? Njo maana ulinipima!”

Bibiane alimtazama mwanasesere. Miguu ile, mabega yale, urefu ule. Alimtafuta binti yake humo kwa muda mrefu, hakumwona.

“Ee, mama, ni wewe,” akasema. “Beba.”

Aimée alimkumbatia, akatoka mbio, chungio akalisahau. Modeste alimwona akipita uani na mwanasesere kifuani. Akaingia ndani, akamkuta mkewe amezima mashine. Alikaa chini kando yake, na kwa mara ya kwanza wakalia kama watu waliofiwa.