Nimeshushwa kwa gari yetu na mtoto mgonjwa

Leo mume wangu ameniambia nishuke kwa gari na mtoto mwenye homa, eti tairi zisisugue.

Gari aliishusha chini mwezi jana, ikae karibu na barabara kwa mbwembwe, akaweka na spesa, vile vyuma vya kusukuma tairi nje. Ikibeba watu, tairi zinasugua bodi.

Basi kutoka Kathonzweni kwenda hospitali, kila tuta nashuka, natembea, napanda tena.

Tuta la mwisho Mwende akaanza kutetemeka mgongoni kwangu, macho yamegeuka.

"Baba Mwende! Mtoto!"

"Ngoja, naangalia kama imekwaruza."

Sikungoja. Nikapanda boda.

Sasa Mwende amewekewa dripu, amelala. Babake amefika, anamshika mguu, analia.

"Kesho naiinua."

"Iinue leo. Sisi tutarudi na boda."

Wamama, nyinyi mngengoja?