Fundi Kesho na bega la mkewe lililoibwa mtandaoni

Asubuhi Fundi Kesho anafungua chumba chake cha kushonea, anaondoa shuka linalofunika cherehani, na kabla hajagusa kazi yoyote anakwenda kusimama mbele ya gauni la buluu lililotundikwa nyuma ya mlango. Anavuta pindo. Analiachia. Analivuta tena.

"Leo linaondoka," anasema, utadhani anamzungumzia mgeni aliyelala kwake wiki nzima.

Mwenye gauni anakuja saa nne, na safari hii fundi hana pa kukimbilia. Ameshamwambia "njoo kesho" mpaka neno lenyewe limechoka. Jina la Fundi Kesho alibandikwa na wateja, naye halikatai. "Mafundi wote waongo. Mimi nimetangazwa tu," anacheka, halafu kicheko kinakatikia njiani.

Lakini kwa gauni hili hakukuwa na uvivu. Lilikwisha siku nyingi, yeye alikuwa hataki kuliachia.

Chumba ni kidogo: cherehani moja, pasi, meza ya kukatia, makopo ya vifungo. Ukutani zimening'inia karatasi za kaki zilizokatwa kwa umbo la mikono, kola na vifua. Hivyo ndivyo violezo vyake, anavyovilaza juu ya kitambaa kabla ya kushika mkasi. Kuna kiti cha pili pia, kimejaa vitambaa vya wateja.

"Hapo alikuwa anakaa mwenzangu jioni akitoka kazini," anasema. "Nimeweka vitambaa ili kisionekane kitupu."

Mwenzake, yaani mkewe, alizaliwa na bega la kulia lililoshuka. Nguo za dukani zilimkataa. Shingo inakwenda upande, mkono unateleza, naye kutwa nzima ameshika kifua cha gauni asije akaumbuka mbele za watu. Fundi, enzi hizo kijana anayempenda na hajui pa kuanzia, alimwomba aje apimwe.

"Kutongoza sikujua. Nilijua kupima," anasema.

Alichora kiolezo ambacho bega lake la kulia limeshuka vidole viwili, akalisitiri kwa marinda matatu madogo yanayoanzia shingoni. Gauni likakaa. "Alipolivaa, mkono wake ukashuka wenyewe. Haukushika tena kifua. Akawa anazunguka humu ndani anacheka, na mimi nalia kama mjinga."

Maisha yao yote alimkatia kwa kiolezo kile kile. Mkewe alipofariki, binti yao alikuwa karibu kuondoka kwenda kufanya kazi mbali. Kabla ya safari alipiga picha violezo vya baba yake, akaviweka kwenye mtandao ambako mafundi na wapenda ushonaji hutafuta mishono na kuuziana. Alitaka mzee apate chochote. Mzee anasema chochote chenyewe kilikuwa hela ya chai, na kuna miezi chai ilikosa sukari.

Halafu akaja mteja huyu wa gauni la buluu. Mkononi alikuwa na karatasi alizochapisha baada ya kununua kiolezo mtandaoni, kwa muuzaji aliyekiita Gauni Mshazari.

"Fundi, nishonee hili. Ndiyo mtindo wa sasa," alimwambia.

Fundi akaziunganisha karatasi kwa selotepu, moja baada ya nyingine. Alipofika kipande cha kulia, akakaa chini.

"Vidole viwili. Marinda matatu. Hata pale karibu na kwapa kalamu yangu ilipoteleza, napo wamenakili! Nikamwambia yule mteja, mama, bega hili nalijua. Akanitazama kana kwamba nimeshikwa na homa."

Muuzaji alikuwa amechukua mchoro wa fundi na maelezo yake, akafuta jina lake na kuweka la kwake. Habari zilipomfikia binti wa fundi, alichemka kwenye simu. "Baba, huo ni wizi! Mtu akiona nguo barabarani akaiga, kumzuia ni kazi. Lakini mchoro na maelezo ni jasho lako. Tuwaandikie wenye mtandao."

Fundi hakuwa na haraka. Kwanza, anakiri, mikono yake haijatakata sana. "Kola ile pale niliiona mtandaoni nikaichora. Niliomba ruhusa? Wapi! Siku hizi hata kifungo cha mtu naogopa kukikodolea macho."

Pili, kulikuwa na picha. Chini ya tangazo la muuzaji, wanawake walioshona gauni lile walikuwa wameweka picha zao. Kila asubuhi fundi alikuwa anazipitia na kikombe mkononi. Mmoja yuko harusini, mwingine amebeba mtoto, mwingine yuko mlangoni kwa watu na hata hatabasamu.

"Wote wana bega la mwenzangu," anasema. "Tangu nibaki peke yangu sijawahi kupata wageni wengi namna ile."

Kilichomtoa kwenye subira ni sentensi moja ya tangazo: bega limepindishwa makusudi ili livutie. "Limepindishwa! Na nani? Alizaliwa nalo!" Hata leo akilisema neno hilo, mkono unapiga meza na vifungo vinaruka.

Basi wakaandika malalamiko, wakatuma na picha ya karatasi ya kaki, kuukuu, yenye kalamu iliyoteleza pale pale. Malalamiko yakakubaliwa. Asubuhi iliyofuata fundi akamimina chai yake, akafungua simu, akakuta ukurasa mtupu. Tangazo limeondolewa, na picha zote zimekwenda nalo.

"Nilidhani watafuta jina la mwizi tu. Kumbe wanafuta na watu," anasema. "Nikampigia binti yangu, yuko kazini. Nikakaa nikaangalia ukuta. Nilishinda, lakini upweke ulionishika siku ile, acha tu."

Likabaki gauni moja, hili la buluu. Kuanzia hapo kesho zikawa nyingi.

Saa nne mteja anaingia bila kubisha. "Leo ukiniambia kesho, fundi, nalala hapa hapa."

"Leo lako, mama. Vaa."

Anajibadilisha nyuma ya pazia, anatoka, anajitazama kwenye kioo. Fundi anakohoa. Anamwambia bega lake limenyooka, kwa hiyo pale kulia panavuta kidogo, na akitaka atamrekebishia sasa hivi.

Mteja anagusa bega la kulia la gauni. "Lile bega ulilosema unalijua, ni la nani?"

"La mke wangu. Marehemu."

"Basi liache, babu. Sitaki kurekebishiwa."

Fundi anainama kuokota pini ambayo haikuanguka.

Kiolezo atakiweka upya mtandaoni mwenyewe, kwa jina La Mwenzangu. Atachora na kipande cha pili kwa wenye mabega yaliyonyooka, wachague wenyewe. Kushona, mtu ashone apendavyo, ila mchoro asiuuze. Malipo anayotaka ni mtu apige picha akiwa amelivaa, amtumie.

Mteja anaaga akiwa na gauni lake mwilini. Fundi anasimama mlangoni, kama alivyosimama kila asubuhi mkewe alipokwenda kazini, akikagua pindo kwa mbali. Anamfuata kwa macho mpaka mwisho wa uchochoro.

"Mwenzangu akifika kwenye ile kona alikuwa anageuka," anasema.

Mteja anakata kona. Hageuki.

Fundi anabaki mlangoni kidogo, kisha anarudi ndani, anatandaza karatasi mpya ya kaki mezani na kuikandamiza kwa mkasi isijikunje.

"Wakiwa wengi," anasema, "yuko atakayegeuka."