Mama mkwe nyuma ya spika

Na ndiyo, mama yangu alikuja, nyinyi mliosema hawezi kumkubali mkwe anayechana mistari ya rap!

Leo mchana, mtaani Kabalagala, mume wangu (jamani, mume wangu!) amechana na bendi ya roki kwa mara ya kwanza.

Kwetu Baganda, mama na mkwe wake wa kiume hawakaribiani wala kutazamana. Basi nikamficha mama nyuma ya spika kubwa, bila kumwambia mume wangu.

Katikati ya wimbo mume wangu akashuka jukwaani na maikrofoni, akitafuta mtu wa kuitikia. Akazunguka spika.

Uso kwa uso na mama!

Akaganda. Mama akajifunika shali kichwa kizima. Nikajua nimewaaibisha wote wawili.

Mpiga gitaa akaichukua maikrofoni, akampelekea mama badala ya mume wangu. Na mama, humo ndani ya shali, akaimba kiitikio chote. Kumbe anakijua!

Watu walipiga vigelegele. Mimi nililia.

"Mwambie bwana wako anachana vizuri," mama akaniambia.

"Mwambie mama nimeshukuru," akajibu yeye, katugeuzia mgongo.

Nyinyi mngefanyaje?

Mama, tunakuja kwako kabla mwezi haujaisha. Wewe utakaa chumbani, yeye sebuleni, na mimi mlangoni nikipeleka maneno.