Mguu wa Kushoto wa Malika

Malika alipofikisha miaka kumi na mitano, majirani wa mtaa wa Mangobo waliacha kumpa mama yake pole za mapema. Zamani walisema wazi kwamba mtoto wa SS, mwenye selimundu, hakui. Kaka yake, Fadhili, alikufa kwa ugonjwa huo wa damu akiwa na miaka sita, na ni baada ya mazishi ndipo mama yao, Hadidja, alipoelezwa kwamba unatoka kwa wazazi wote wawili, kila mmoja amebeba nusu bila kujua. Kwa hiyo Malika alilelewa kama yai: maji mengi, vidonge kila asubuhi, asinyeshewe na mvua, asikimbie.

Lakini nzango, mchezo alioupenda shuleni, si mbio. Wasichana wa timu mbili husimama mistari miwili wakitazamana, wakiimba na kupiga makofi. Mmoja anatoka huku, mmoja kule, wanaruka, na wakitua kila mmoja anatupa mguu mmoja mbele. Miguu ikilingana, pointi ni ya hawa. Isipolingana, ni ya wale. Halafu unarudi mstarini. Hadidja alikwenda uwanja wa shule kukataza mchezo huo, akatazama nusu saa nzima, akaona mwenyewe kwamba kupumzika kunazidi kuruka. Akakubali kwa sharti moja.

"Siku utasikia maumivu, unaniambia. Siku utanificha, nzango imekwisha."

Mwaka huu, mvua za Machi zilipoanza, nyonga ya kulia ikaanza kuuma. Malika alijua habari za nyonga. Kliniki alikuwa amemwona dada wa miaka ishirini, SS kama yeye, akitembea na magongo, kichwa cha mfupa wa paja kimekufa kwa kukosa damu. Alimficha mama yake. Ila kutupa mguu wa kushoto kulitaka uzito wote ukae juu ya ule wa kulia, na hilo hakuliweza tena. Akawa anatupa wa kulia tu.

Katika nzango siri kama hiyo haidumu. Siku ya mechi na wasichana wa Makiso, Jemima, mpinzani wake wa siku zote, aliisoma mapema.

"Weye unatupaka tu wa kuume," alimwambia akicheka. "Tunakujua kama sala ya chakula."

Mangobo walishindwa. Madame Plamedie, mwalimu wa michezo, hakugomba. Alimvuta Malika pembeni.

"Mguu yako iko na nini?"

"Haina kitu, Madame."

"Bon. Simama na ule wa kuume peke yake."

Malika alijaribu. Machozi yakajibu kabla yake.

Madame alimsindikiza hadi nyumbani, akaeleza mlangoni. Hadidja hakumtazama binti yake. "Kesho tunaenda kupiga radio, picha ya mufupa," alisema.

Hospitalini walisubiri picha tangu saa mbili hadi karibu adhuhuri, bega kwa bega. Docteur Liévin aliinua filamu kwenye mwanga wa dirisha, akaufuata mfupa kwa kidole.

"Mufupa iko muzima, mama," akasema. "Kichwa yake iko mviringo, hakuna mahali imeliwa. Ni misuli ilivutika. Wiki tano asiruke, kisha aanze pole pole. Baada ya miezi tatu tutapiga ingine."

Hadidja aliomba aonyeshwe tena. Akaonyeshwa. Akaomba mara ya tatu.

"Mama, hata uangalie mara kumi, haitabadilika."

"Njo vile nataka. Isibadilike."

Walirudi kwa pikipiki moja, bahasha ya picha imebanwa kati yao. Walipofika, Malika hakuingia ndani.

"Mama, nzango imekwisha?"

"Ju ya nini ulinificha?"

"Niliogopa picha."

Hadidja alitazama ngazi ya mlango wao.

"Wiki tatu nilikuonaka unapanda hapa na mguu moja. Sikuuliza. Na mi niliogopa picha." Alivua viatu taratibu. "Donc tulivunja sharti sisi wawili. Tunaanza upya. Utasema, na mi nitauliza."

Wiki tano Malika alisimama mstarini akipiga makofi tu. Wiki ya tisa Makiso walirudi, na Hadidja alikuja na chupa ya maji, akaketi juu ya tofali. Zamu ilipofika, Jemima alitoka akitabasamu, amekwisha kuamua kwamba utakuja ule wa kulia. Waliruka. Malika alitua juu ya mguu wa kulia, akautupa wa kushoto mbele, na nyonga ikatulia.

"Kumbe uko na miguu mbili," alisema Jemima.

Malika alimgeukia mama yake.

"Inauma?" Hadidja aliuliza.

"Hapana."

Akamnyooshea chupa. "Basi kunywa."