Siku Tulipokuwa Mzigo wa Gari la Papa

Sisi tuliokulia Kisangani wakati magari yalikuwa bado machache, gari tulilijua kwa sauti kabla hatujaliona. Tuko nyuma ya nyumba tunacheza mpira wa matambara, mmoja anainua kichwa na kusema, "Ile ni ya muuza samaki," na kweli, punde gari la muuza samaki linatokea kwenye kona likikohoa. Lingine lilipiga mluzi kila liliposhika breki. La padri lilinguruma kwa adabu. Ya kwetu tulitengeneza kwa makopo ya sardini na magurudumu ya kandambili zilizokatika, injini tukaitia kwa mdomo, na mtoto asiyejua kubadilisha gia kwa mdomo hakupewa kuendesha. Leo unampa mtoto gari la plastiki linalojililia lenyewe, na mdomo wake haubaki na kazi ila kuomba betri nyingine.

Shuleni nilikaa karibu na dirisha, na hilo lilikuwa kosa la yule aliyenipangia kiti. Ubao ulikuwa mbele, barabara ilikuwa pembeni, na mimi shingo yangu ilijua upande mmoja tu. "Weye," mwalimu aliniambia siku moja darasa zima likisikia, "mwili yako iko hapa, roho iko ku barabara." Hakukosea. Miaka michache baadaye mwili nao ulifuata.

Lakini gari nililolipenda kuliko yote lilikuwa la nyumbani: pikapu ya buluu ya Papa, nzee kuliko mimi, yenye turubai nyuma na mlango mmoja uliofungwa kwa kamba. Ilikwenda Bengamisa kuchukua ndizi, mchele na mafuta ya mawese, ikarudi na harufu yake: ndizi zilizoanza kuiva, moshi wa nyama ya kukausha, udongo mwekundu uliolowa. Mama anaponda ndizi za lituma, pondu ya majani ya muhogo iko jikoni, nasi tunagombania ndizi iliyoshika chini ya sufuria. Papa anaingia, ananawa, anatuhesabu kwa macho, anakula. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba dunia iko sawa.

Siku moja alirudi, akanawa, hakula.

"Nyuma iko inalia," alimwambia Mama.

"Inalia namna gani?"

"Kama nyuki ndani ya bidoni ya mafuta. Vuuu. Nikiongeza mwendo, nayo inaongeza."

Asubuhi aliipeleka kwa Tonton Selemani. Tulimwita tonton, yaani mjomba, ingawa hakuwa ndugu wa damu, ila fundi wa mtaa wetu, mwenye sauti kubwa kama mtu anayeita ng'ambo ya mto, kwa sababu alikuwa amegonga chuma maisha yake yote na nusu ya masikio ilikuwa imebaki kwenye nyundo. Wakazunguka mtaa mara kadhaa. Gari tupu, na nyuki hawapo. Kimya kabisa. Hilo halikumzuia Tonton Selemani.

"Kama inalia na mzigo na hailie bila mzigo, ni pont," alitangaza. "Pont imekufa."

Pont ni lile boga la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, ambamo meno yanapokea nguvu ya injini na kuigawa kwa magurudumu. Pont ya gari la aina ile haikupatikana mjini kote. Na sote tulijua gari lililokufa pont linakwenda wapi. Nyuma ya gereji ya Tonton Selemani kulikuwa na mizoga ya magari imekalishwa juu ya mawe, majani yametokea madirishani, kuku wanataga kwenye viti. Tulizoea kucheza humo. Siku ile sikuthubutu hata kuyatazama. Kichwani nilikuwa naiona tayari ya buluu pale katikati, na Papa amekaa barazani kama baba za wengine, hana pa kwenda.

"Sikubali," alisema Papa. "Tuisikilize na mzigo."

"Mzigo ya nani?" Tonton Selemani alicheka. "Nani atakupa mizigo yake na gari mugonjwa?"

Papa aligeuka akaangalia barabara, na barabarani tulikuwa sisi, watoto wa mtaa mzima, tumesimama kutazama kama kawaida yetu.

"Pandeni," alisema.

Mama alitoka jikoni mwiko mkononi. "Papa Zaina! Batoto si mizigo!"

"Leo ni mizigo."

Tulipanda juu ya gari kama chawa. Walioachwa chini walilia. Zaina, dada yangu mkubwa, alikaa juu kabisa ya gurudumu la kulia, mimi nikaning'inia pembeni kwa sababu sikujua kukaa. Tonton Selemani aliingia mbele, na Papa akatoa sheria moja: "Mutu asiseme. Donc, hata kukohoa. Tunasikiliza pont."

Kuwaambia watoto wa Kisangani wapande pikapu kisha wanyamaze! Kabla hatujatoka Makiso, katikati ya mji, mmoja alikuwa amekanyagwa, mwingine ameona shangazi yake anampungia mkono, na nyuma kabisa walishaanza wimbo. Papa akapiga kelele, tukanyamaza. Na hapo ikaja. Niliisikia kwanza miguuni, ikapanda magotini, ikafika kwenye meno. Vuuu. Ilikuwa nzuri, Mungu anisamehe. Nilitaka Papa aongeze mwendo nisikie inafika wapi.

Barabara ya kwenda mto Tshopo ilikuwa wazi. Kichwa cha Papa kilitoka dirishani. Alikanyaga mafuta, akaachia, akakanyaga, akaachia. "Selemani, unasikia? Inabadilika ama haibadilike?"

"Inabadilika!"

"Mi nasikia haibadilike."

"Alors, mbona unaniuliza?"

Walibishana hivyo mpaka Papa akasema wasimame kabla ya kufika darajani, maana maporomoko yakianza kusema hakuna atakayesikia kingine. Akasogea kando, akazima injini.

Vuuu, ilisema nyuma ya gari.

Walitazamana. Tonton Selemani alishuka mbio, akalala chali kwenye vumbi, akaingia chini ya gari lililosimama. "Ee Mungu," sauti yake ilitoka huko chini, "hii pont inazunguka yenyewe!"

Ndipo tuliposhindwa kujizuia. Mmoja alicheka, akafuatiwa na gari zima, mpaka chuma kikatikisika juu ya fundi. Sauti ile ilikuwa ya Zaina. Amefumba macho, mdomo umefungwa, sauti inatoka puani, ile ile, hata kamtetemo kake. Alikuwa ameifuata tangu mjini kama mtu anavyofuata kwaya, na gari liliponyamaza yeye hakujua.

Papa alizunguka nyuma. Tuliona mkono wake ukiinuka, na Zaina akakunja shingo kusubiri. Mkono ukabaki juu.

"Rudilia," alisema Papa.

"Papa, pardon..."

"Rudilia, nasema. Fanya vile ilikuwa wakati niliachia mafuta."

Zaina akaimba. Sauti ilishuka polepole, kama mwendo ulivyoshuka, bila kugeuka. Pont iliyokufa haifanyi hivyo: ikivutwa inanguruma, ukiachia mafuta inageuza sauti palepale, maana meno yanabanana kwa upande mwingine.

"Na pale tulikata kona ku mukono wa kushoto?"

Zaina akafikiri, kisha akaimba tena, na katikati sauti ikapanda, ikawa kali, ikarudi.

Papa alikaa kwenye ukingo wa pikapu kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Gari likikata kushoto, uzito wote unaegemea kulia, kwenye beringi ya gurudumu, ambayo kwetu huitwa roulement. "Selemani, toka huko. Ni gurudumu ya kuume. Ni roulement."

"Sasa mutoto mwanamuke ndiye fundi?" Tonton Selemani alikuwa mwekundu wa vumbi, nywele hadi soksi. "Tuhakikishe kwanza!"

Wakahakikisha. Papa alirudi akiyumbisha gari kushoto na kulia barabara nzima, nasi tukamwagika upande huu na upande ule tukipiga makelele ya furaha, na safari hii hakuna aliyetunyamazisha, kwa sababu kila lilipokwenda kushoto nyuki walipanda juu ya makelele yetu. Nyumbani waliinua gurudumu kwa kriki. Papa alilizungusha kwa mkono wa kulia, wa kushoto akauweka juu ya springi, kisha akatuita mmoja mmoja tuweke wetu. Ilitekenya kama paka anayekoroma. Walipotoa ile pete yenye gololi ndani, njia yake ilikuwa imechimbika kama barabara ya Bengamisa. Pete mpya waliipata mjini siku ile ile. Jioni Papa alikula, akaomba aongezewe.

Ya buluu ilituzungusha miaka mingine mingi. Mimi sikuwa fundi. Sikuwa kitu kimoja kwa muda mrefu: Buta, Isiro, Kindu, kila mahali nilikwenda kusikia kuna nini, nikishajua miguu inawasha.

Juzi, nimerudi Kisangani, nikapanda teksi Makiso. Nyuma, chini ya muziki, nikaisikia. Vuuu.

"Kijana, nyuma iko inalia."

Akaongeza muziki. "Tonton, sasa imeisha."

Nilicheka, lakini sikuweza kutulia. Nilimpigia Zaina, ambaye siku hizi anaishi Kindu, nikamwomba kijana azime muziki kidogo, nikaiweka simu sakafuni.

"Nasikia makelele tu," alisema Zaina. "Umwambie ayumbishe."

Sijui kwa nini kijana alikubali. Aliyumbisha kushoto, kulia, kushoto, na abiria waliokuwa kimya na visikilizi vyao vya masikioni walivichomoa wote kwa pamoja wakaanza kupiga kelele: chauffeur, unatuua! Mama mmoja alinilalia begani akicheka. Na kutoka sakafuni, kutoka Kindu, Zaina aliimba.

"Ni kuume," alisema. "Kama ya Papa."

Kijana alisema atalipeleka gereji. Abiria wakarudisha visikilizi masikioni. Zamani Papa aliwaomba watoto wa mtaa mzima wanyamaze na hakuweza, na gari likapona katikati ya makelele. Siku hizi watu wananyamaza wenyewe, bila kuombwa, na hakuna anayesikiliza.

Niliposhuka, muziki ulikuwa bado umezimwa. Teksi iliondoka ikiyumba kidogo, kushoto, kulia, kichwa cha kijana kimetoka dirishani. Nilisimama barabarani nikaisikiliza ikienda, mpaka pikipiki zikaifunika.