Maziwa Hayaondoi Sumu ya Thina

Mwanangu, kuna siku moja ya Januari ambayo sitaisahau. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, mgeni hapa Minnesota. Mimi na binamu yangu Nekesa tulikuwa tukipaka rangi fleti kule Bloomington, madirisha yote yamefungwa kwa baridi.

Tangu wiki ya kwanza harufu ya thina, ile dawa ya kuzimulia rangi, ilikuwa imetulevya, tukacheka, tukaona ni raha ya bure. Basi tukawa tunainusa kwa makusudi, ati tusahau upweke. Hatukuogopa, maana kwetu Kenya mafundi wa rangi hunywa maziwa wakiamini yanaosha kifua, nasi tulibeba yetu kila siku. Wajinga wawili na chupa yao!

Siku hiyo Nekesa alicheka, akayumba, akaanguka. Midomo ikabadilika rangi. Nami, badala ya kuita msaada, nikakimbilia maziwa.

Msimamizi wetu, Mama Furaha, Mkongomani, alinikuta nikijaribu kumnywesha. Akaninyang'anya chupa.

"Acha! Utamunyonga! Maziwa inaenda mu tumbo, na ile sumu iko inakamata moyo. Fungula madirisha, mie niko naita ambulensi!"

Nikamsihi tuseme ni uchovu tu. Niliona aibu, mwanangu. Nilijua habari ingefika kanisani kabla yetu.

Akanikazia macho. "Uko unachunga jina, ama uko unachunga dada yako? Sema kweli yote."

Ambulensi ilipofika nikawaambia wahudumu yote, nikilia. Daktari alituambia kwamba ukweli ule ulimsaidia kujua la kufanya. Nekesa alipona. Leo ni muuguzi, mama wa watoto watatu, na mdomo wake hauna breki.

Nasikia siku hizi ninyi vijana mnanusa gesi za makopo na kusema ni mchezo. Mchezea tope humrukia. Ulevi wenyewe ni wa dakika chache, lakini unaweza kusimamisha moyo hata mara ya kwanza, na ukikusaza unakula akili polepole. Mwenzako akianguka, mpeleke penye hewa safi, piga 911, useme alichonusa. Na kama wewe umeshaanza, njoo uniambie. Sitakufokea. Haya, nitakufokea kidogo, kisha tutaenda kwa daktari pamoja, kwani wengi wameacha na wanaishi vizuri. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mungu akupe maisha marefu, mwanangu, na siku utakapokosea akupe ujasiri wa kusema mapema.