Tayari Dakika Yoyote

Klabu yetu ya futiboli ya Kimarekani imetangaza rasmi, kwa barua yenye nembo, kwamba mrushaji wetu wa akiba "yuko tayari kuingia uwanjani dakika yoyote." Mimi ni mtunza vifaa wa klabu, na kwa misimu saba hapa Ohio nimemwona amesimama pembeni na kapelo yake, akiuzungusha ule mpira wa ncha mbili vidoleni kama mtu anayechagua papai sokoni. Mazoezini humwigiza mrushaji wa timu tunayokwenda kucheza nayo, mpaka kuchechemea kwake, ili mabeki wetu wajifunze kumkamata.

"Leo wewe nani, kaka?" beki Lamont humtania.

"Yule wa Denver. Yeye ana kazi."

Jumapili mrushaji mkuu alianguka akashika goti. Wa akiba akavaa helmeti, akafunga kamba ya kidevu. Mkuu akainuka, akaendelea kucheza. Uwanja ukashangilia, na wa akiba akapiga makofi kuliko wote.

Aliponirudishia helmeti alisema, "Mzee wangu, redio ya humu mbovu. Kocha nilikuwa simsikii."

Nikamwambia nitaitazama. Redio ni nzima. Tangu aje, hakuna aliyewahi kuniagiza niitie betri.